Notisi ya nyongeza ya adhabu kwenye mahakama za Marekani: mwongozo kamili wa kuikagua kabla jaji hajasoma miaka

Naandika hii kwa sababu meseji ninazopata kuhusu ndugu zetu wenye kesi Marekani zinafanana mno. "Tuliambiwa kumi, jaji katoa kumi na tano, hatukuambiwa kitu, tufanyeje?" Nikiomba karatasi nakuta moja kati ya mawili: ama notisi, yaani karatasi ya kumwambia mshtakiwa kwamba adhabu yake inaweza kuongezwa, ilikuwepo miezi kibao na hakuna aliyeifungua, ama kweli haikuwepo na siku ya adhabu hakuna aliyefungua mdomo. Hilo la pili ndo linaniumiza zaidi, mana haki ilikuwepo na ikapita hivihivi.

Mimi sio wakili, na mwongozo huu haumfukuzi wakili wako. Kazi yake ni kukufanya umuulize swali lenyewe wakati bado linasaidia.

## Kabla ya yote: nyongeza haziko aina moja

Hapa ndo watu wengi wanapotea, kwa hiyo soma polepole.

Kuna nyongeza inayotokana na jinsi kosa lilivyotendeka. Bunduki ilitolewa, mtu aliumizwa vibaya, dawa za kulevya zilikuwa kilo kadhaa. Kama jambo hilo linapandisha kiwango cha juu cha adhabu kilichowekwa na sheria, au linapandisha kiwango cha chini cha lazima, basi liandikwe kwenye hati ya mashtaka na juri (raia waliochaguliwa kuamua kesi) ilikubali bila shaka yoyote ya maana, au mshtakiwa mwenyewe alikiri.

Kuna nyongeza inayotokana na makosa ya zamani. Hii Mahakama Kuu ya Marekani iliiwekea njia yake kwenye kesi ya Almendarez-Torres mwaka 1998: katiba hailazimishi kosa la zamani liandikwe kwenye hati ya mashtaka. Ila usishangilie wala kukata tamaa, kwa sababu sheria nyingine zinaweza kulazimisha notisi ya aina yake, tutaiona hatua ya 3.

Alafu kuna pointi za mwongozo wa adhabu kwenye mahakama za shirikisho, hesabu inayompa jaji makadirio ya miezi. Hizi jaji anaamua mwenyewe, na tangu kesi ya Booker mwaka 2005 mwongozo huo ni wa kushauri tu. Notisi yake haiji kwenye hati ya mashtaka, inakuja kwenye ripoti ya kabla ya adhabu, inayoandikwa na ofisa wa probesheni, yaani ofisa wa mahakama anayemchunguza mshtakiwa.

Kila aina ina karatasi yake na siku zake. Ukienda kulalamika kwamba pointi 2 za bunduki kwenye kesi ya dawa "hazikuwa kwenye hati ya mashtaka" utajibiwa kwa sekunde tano na utakuwa umetumia pingamizi lako vibaya.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Hati ya mashtaka ya mwisho, sio ya kwanza. Prosekyuta akipata hati mpya, ile ya zamani inabaki historia. Angalia deti.
- Rejista ya kesi, yaani ile orodha inayoonyesha kila karatasi iliyoingizwa mahakamani na siku yake. Kesi za shirikisho ziko PACER, mtandao wa karatasi za mahakama hizo, senti 10 kwa ukurasa, haizidi dola 3 kwa hati moja, na kama kwa robo mwaka umetumia dola 30 au chini ya hapo hulipi kitu. Kesi za jimbo uliza ofisi ya karani wa mahakama.
- Makubaliano ya kukiri kosa, kama yapo, hata yakiwa ni rasimu.
- Karatasi za makosa ya zamani: hukumu yenyewe, deti ya kuhukumiwa, deti ya kutoka jela.
- Ripoti ya kabla ya adhabu, ikishatoka.
- Kalamu mbili za rangi tofauti na daftari. Usitegemee kichwa.

Kuhusu picha za simu: mama mmoja alinitumia hati ya mashtaka picha 11, tukaikagua usiku mzima, tukakubaliana hakuna nyongeza. Asubuhi akagundua karatasi mbili zilikuwa zimegandana. Ukurasa uliokosekana ndo ulikuwa na kila kitu. Hesabu kurasa kabla ya kuanza, chini mara nyingi kuna namba.

Onyo la mapema: simu za jela zinarekodiwa na prosekyuta anaweza kuzisikiliza. Kwenye simu ongeleeni deti na karatasi, "notisi imefika? imeandikwa lini?" basi. Habari za nani alishika nini na wapi muachieni wakili.

## Hatua ya 1: Jua uko mahakama gani

Kama mshitaki ni "Marekani" dhidi ya fulani, hiyo ni ya shirikisho. Kama ni jimbo au "Watu wa" jimbo fulani, hiyo ni ya jimbo. Angalia juu ya ukurasa wa kwanza.

Kwa nini ni muhimu: haki ya msingi ni moja kote. Marekebisho ya 6 ya katiba yanasema mshtakiwa aambiwe anatuhumiwa nini na kwa sababu gani, na kesi ya Oyler ya mwaka 1962 ilisema hata kwa sheria za wahalifu wa kurudiarudia mtu apewe notisi ya kutosha na nafasi ya kujieleza. Ila Oyler hiyohiyo ilisema sio lazima notisi hiyo ije kabla ya kesi ya kosa lenyewe kuanza. Kwa hiyo katiba inatoa sakafu, na sakafu yenyewe iko chini kidogo. Ulinzi mkubwa unatoka kwenye sheria ya sehemu husika, na sehemu hazifanani hata kidogo.

California wako wakali: sheria yao inataka kila nyongeza iandikwe kwenye hati ya mashtaka, alafu ama ikubaliwe na mshtakiwa mbele ya mahakama ama ithibitishwe. Texas wamelegea: kwa kosa la zamani, mahakama yao ya juu ya jinai ilisema mwaka 1997 kwenye Brooks kwamba sio lazima iwe ndani ya hati ya mashtaka yenyewe, ila iandikwe na kuwasilishwa kwa namna fulani. Ushauri wa binamu aliyewahi kupita mahakama za California usiubebe ukaenda nao Houston.

Umefanikiwa kama: unaweza kujibu bila kusita kesi iko mahakama ya nani na jimbo gani.

## Hatua ya 2: Soma hati ya mashtaka kwa namba

Kiingereza cha mahakama kinawachosha hata wenyewe, kwa hiyo usianze na maneno, anza na namba. Namba ya kifungu haibadiliki kwa lugha yoyote.

Chukua kalamu ya kwanza, zungushia namba ya kosa kwenye kila shtaka. Kalamu ya pili, zungushia kila namba nyingine inayofuata ndani ya shtaka hilohilo. Alafu kwenye daftari chora safu mbili, shtaka na nyongeza yake. Shtaka lisilo na nyongeza liandikie "hamna", usiliache tupu.

Mfano wa California. Kifungu cha 211 ni unyang'anyi. Ukiona karibu yake 12022.53 ujue ni nyongeza ya bunduki, na hiyo ina ngazi: kuitumia ni miaka 10, kufyatua 20, na kufyatua ukajeruhi vibaya au kuua ni 25 mpaka maisha. Hivyo sio kuona 12022.53 tu ukafunga daftari, angalia na herufi ndogo inayofuata, mana herufi moja ni miaka 10 au 15 ya mtu.

Kwa nini shtaka moja moja? Kwa sababu ya kesi ya Anderson, Mahakama Kuu ya California, mwaka 2020. Prosekyuta aliandika nyongeza ya 25 mpaka maisha kwenye shtaka la mauaji. Kwenye mashtaka matano ya unyang'anyi hakuiandika. Mwisho jaji akaibandika kwenye yale matano pia. Serikali ikasema jamaa alijua, si ilikuwa kwenye hati hiyohiyo? Mahakama ikakataa: kujua kwamba nyongeza ipo kwenye shtaka hili sio notisi kwamba itakupiga na kwenye lile. Zile nyongeza tano zikaondolewa.

Na kabla ya hapo, mwaka 2002, mahakama hiyohiyo kwenye Mancebo ilikataa jaji kubadilisha mwishoni sababu ya kuongeza adhabu, kwa kuchomeka sababu ambayo haikuwahi kuandikwa ili ile iliyoandikwa itumike kuongeza miaka mingine. Ukweli wake ulikuwa umethibitishwa kabisa kwenye ushahidi, bado haikusaidia, kwa sababu swali halikuwa kama ni kweli, lilikuwa kama aliambiwa.

Kwa shirikisho, namba ya kuangalia sana ni 924(c), bunduki kwenye kosa la ukatili au la dawa. Kubeba au kutumia kiwango cha chini ni miaka 5, kuitoa ili kutisha ni 7, kufyatua ni 10. Kesi ya Alleyne mwaka 2013 ilikuwa hapohapo kwenye 5 na 7: juri haikusema kwamba bunduki ilitolewa kutisha, jaji akaamua mwenyewe na kutoa 7. Mahakama Kuu ikasema hapana, jambo linalopandisha kiwango cha chini cha lazima ni la juri.

Umefanikiwa kama: daftari lako lina kila shtaka, na mbele yake namba ya nyongeza mpaka herufi yake, au neno "hamna".

## Hatua ya 3: Tafuta notisi ya makosa ya zamani

Hapa tumia muda wako mwingi. Kama kesi ni ya dawa za kulevya kwenye mahakama ya shirikisho, namba unayoitafuta kwenye rejista ni 851. Inatoka kwenye sura ya 21 ya sheria za shirikisho, na inasema hivi kwa ufupi: prosekyuta akitaka kuongeza adhabu kwa sababu ya hatia ya zamani, lazima aingize karatasi mahakamani kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au kabla mshtakiwa hajakiri, na karatasi hiyo itaje kwa maandishi hatia zipi za zamani anazozitegemea.

Uzito wake? Kwenye ngazi ya juu ya makosa ya dawa, kiwango cha chini ni miaka 10. Notisi ya hatia moja ya zamani inayostahili inakipeleka 15. Hatia mbili au zaidi, 25. Kabla ya mabadiliko ya Desemba 2018 ilikuwa 20 na kifungo cha maisha, kwa hiyo ukikutana na maelezo ya zamani mtandaoni yenye namba hizo usipate presha, yamepitwa.

Fanya hivi:

1. Fungua rejista, tafuta deti ya notisi.
2. Tafuta deti ya kukiri, au siku kesi ilipoanza.
3. Linganisha. Notisi iwe ya kwanza. Kama ni siku ileile, angalia namba za hati ujue ipi iliingizwa mwanzo, na mwambie wakili aliangalie hilo kwa macho yake.
4. Isome notisi yenyewe. Hatia zilizotajwa ni zipi? Za mahakama gani, mwaka gani? Makosa ya uandishi prosekyuta anaruhusiwa kuyarekebisha mpaka kabla adhabu haijasomwa, kwa hiyo jina lililokosewa herufi halitakuokoa. Hatia ambayo haikutajwa kabisa ni habari nyingine.

Onyo, na hili lisome mara mbili: kopi ikimfikia wakili, sheria inahesabu mshtakiwa kapewa. Hiyo ndo maana ya familia nyingi kuapa kwamba hatukuambiwa na rejista kusema mliambiwa. Kwa hiyo usimuulize mshtakiwa kama alipata notisi, muulize wakili, na umuulize kwa maandishi: "Je, kuna notisi ya 851 au notisi yoyote ya kuongeza adhabu kwenye kesi hii? Iliingizwa lini? Naomba kopi." Barua pepe fupi kama hiyo inazaa kuliko simu kumi.

Nje ya dawa kuna sheria ya wahalifu wa kubeba silaha, 924(e), kiwango cha chini miaka 15 ukiwa na hatia tatu za zamani za ukatili au za dawa zilizo nzito. Hizo tatu lazima zilitendeka kwenye matukio tofauti, na mwezi Juni 2024 kwenye Erlinger Mahakama Kuu ilisema kama matukio ni tofauti au ni moja hilo jaji asiamue peke yake, ni la juri mpaka mshtakiwa akiri. Kama ndugu yako yuko kwenye 924(e) na juri haikuulizwa swali hilo, mwulize wakili leo.

Kwa jimbo: uliza notisi ya makosa ya zamani inatakiwa lini na kwa namna gani. Texas kwenye Villescas, 2006, mahakama haikuangalia idadi ya siku tu, iliangalia kama mshtakiwa alikuwa na la kujitetea dhidi ya hatia hiyo na kama aliomba kuahirishiwa ajiandae. Maana yake kwako: notisi imechelewa? Wakili aombe kuahirishwa, palepale. Asipoomba, baadae ataulizwa mbona hukuomba, na jibu hakuna.

Umefanikiwa kama: una deti mbili zimeandikwa moja chini ya nyingine na unajua ipi ilitangulia.

## Hatua ya 4: Kagua hiyo hatia ya zamani yenyewe

Notisi inaweza kuwa safi na hatia iliyotajwa isistahili. Kwa zile ngazi za 15 na 25, kosa la zamani la dawa linahesabiwa kama mtu alitumikia zaidi ya miezi 12 jela, na alitoka ndani ya miaka 15 kabla ya kosa la sasa kuanza. Kwa hiyo uliza maswali ya kijinga kabisa: ni yeye kweli au ni mtu wa jina lake? Alikaa muda gani, sio alihukumiwa muda gani? Alitoka lini? Watu wetu wenye majina yanayofanana na yanayoandikwa kila afisa kwa spelingi yake, hilo la kwanza sio utani.

Kwenye utaratibu wa 851 jaji anatakiwa, baada ya hatia na kabla ya adhabu, amuulize mshtakiwa anakubali au anakataa kwamba alihukumiwa huko nyuma, na amwambie kwamba pingamizi lisilotolewa kabla ya adhabu halitaletwa tena. Akikataa, anajibu kwa maandishi, na serikali ndo yenye mzigo wa kuthibitisha bila shaka yoyote ya maana. Akitaka kusema hatia ile ilipatikana kwa kuvunja katiba, mathalani hakuwa na wakili, hapo mzigo unakuwa wake. Na kama hatia ina zaidi ya miaka 5 kabla ya deti ya notisi, sheria hiyo inafunga mlango wa kuhoji uhalali wake.

Onyo: usimfundishe mtu kusema "sikumbuki". Jibu liandaliwe na wakili.

## Hatua ya 5: Kabla ya kukiri, linganisha namba tatu

Kesi nyingi huko hazifiki kwenye juri, zinaishia kwenye kukiri, na hapo ndo nyongeza inatumika kama fimbo. Na fimbo hiyo ni halali. Mwaka 1978 kwenye Bordenkircher, jamaa wa Kentucky kwa jina la Hayes alishikwa na hundi ya kughushi ya dola 88.30. Prosekyuta akamwambia kiri, nitapendekeza miaka 5, ukikataa nakuandikia sheria ya mhalifu wa kurudia. Akakataa. Akaandikiwa, akala maisha. Mahakama Kuu, kura 5 kwa 4, ikasema prosekyuta alikuwa ndani ya haki yake, mana alimwambia wazi mapema. Notisi inakupa kujua tu, huruma haimo.

Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote andika namba tatu: kiwango cha juu na cha chini kilichoandikwa kwenye makubaliano, kile kinachotokana na hati ya mashtaka pamoja na notisi, na kile atakachokisema jaji siku ya kukiri. Kwenye mahakama ya shirikisho jaji analazimika kumwambia mshtakiwa kiwango cha juu na cha chini cha lazima kabla ya kupokea kukiri. Mkalimani akikitafsiri, mshtakiwa akitaje yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Zikitofautiana, simamisheni.

Mkalimani anatafsiri, hashauri. Mtu akiitikia "ndiyo, ndiyo" kwa heshima kama tulivyolelewa kuwaitikia wakubwa, rekodi inasema alielewa. Kama hakuelewa aseme "sijaelewa, narudi kwa wakili wangu". Hakuna utovu wa adabu hapo.

Namba tatu hizi zinatoka kwenye maisha ya watu. Apprendi, New Jersey, alikiri kosa la bunduki lenye miaka 5 mpaka 10. Siku ya adhabu jaji akaona alifanya kwa chuki ya rangi akampa 12. Ndo kesi iliyozaa kanuni ya mwaka 2000 kwamba jambo lolote, ukiacha hatia ya zamani, linalopandisha adhabu juu ya kiwango cha sheria ni la juri. Blakely, Washington, 2004: alikiri kwa makadirio ya juu ya miezi 53, akapewa 90, na akashinda kwa kanuni hiyohiyo.

Kama mshtakiwa sio raia, uliza pia uhamiaji, na usikubali "hilo sio kazi yangu": tangu Padilla, 2010, ni kazi ya wakili kumshauri. Kwa makosa ya ukatili na ya wizi, adhabu ya mwaka mmoja na kuendelea inaweza kuligeuza kosa kuwa la kufukuzwa nchini, hata kama kifungo kimesimamishwa. Nyongeza ndogo ya miezi michache inaweza kukuvusha mstari huo.

Umefanikiwa kama: namba tatu zinafanana na mshtakiwa anaweza kuzirudia bila karatasi.

## Hatua ya 6: Ripoti ya kabla ya adhabu, na zile siku 14

Kwa shirikisho, ripoti ya ofisa wa probesheni inatakiwa imfikie mshtakiwa angalau siku 35 kabla ya siku ya adhabu. Kuanzia kuipokea, pingamizi la maandishi ni ndani ya siku 14. Ripoti ya mwisho na pingamizi zilizobaki zinaenda kwa jaji angalau siku 7 kabla.

Siku 14 hizo ndo zinawapita watu. Ripoti imefika, wakili ana mafaili 60, mshtakiwa yuko jela ya mbali, mkalimani wa Kiswahili hapatikani mpaka wiki ijayo, na wiki ijayo ndo siku ya 13. Siku ripoti inapotoka mwombeni wakili apange kikao chenye mkalimani palepale, na akiona muda hautoshi aombe aongezewe kabla haujaisha.

Mkiisoma, nendeni kwenye sehemu ya hesabu za pointi. Kila pointi iliyoongezwa ina aya inayoeleza ukweli wake. Usipinge pointi tu, pinga ukweli wa kwenye aya: "aya ya 23 inasema bunduki ilikuwa chumbani kwake, sio kweli, ilikutwa chumba cha mwenzake". Jambo lisilopingwa jaji anaruhusiwa kulichukua kama limethibitika.

Onyo: ripoti ni ya siri. Usiitupie kwenye grupu la familia, mana ndani kuna habari za afya, za watoto, wakati mwingine za nani kashirikiana na serikali. Mtu anaweza kuumizwa.

Umefanikiwa kama: kila aya mliyobishana nayo ina pingamizi la maandishi lenye deti ndani ya siku 14.

## Hatua ya 7: Siku ya adhabu

Wakili aseme kwa sauti, na aseme sababu. "Tunapinga" peke yake haitoshi. Kitu kama: tunapinga nyongeza hii kwenye shtaka la 3 kwa sababu haikuandikwa kwenye shtaka hilo, na mshtakiwa hakupewa notisi kabla ya kukiri. Kinachobebwa kwenda rufaa ni kile kilichosemwa kwenye rekodi. Kisiposemwa, mahakama ya rufaa inaangalia kama kulikuwa na kosa la wazi kabisa lililomwumiza mtu, na hicho ni kilima kirefu.

Jaji wa shirikisho anatakiwa ahakikishe mshtakiwa na wakili wameisoma ripoti na kuijadili. Hapo ndo nafasi ya mshtakiwa kusema ukweli kama haikusomwa kwake kwa lugha anayoielewa.

Kuna mshtuko mmoja ambao hauna dawa ya notisi. Jaji anaweza kuupita mwongozo kwa kuona tu kwamba haki inadai zaidi. Irizarry, 2008: mwongozo ulisema miezi 41 mpaka 51, jaji akatoa 60, ambayo ndo ilikuwa kiwango cha juu cha sheria. Mahakama Kuu ikasema kwa hilo jaji halazimiki kutoa taarifa mapema. Binafsi naona kura 4 zilizopinga zilikuwa na hoja nzito, ila sheria ndo hiyo. Mkikutwa na hali hiyo wakili aombe muda wa kujiandaa, na aseme angeleta nini kama angejua.

## Hatua ya 8: Kama imeshatoka

Notisi ya rufaa kwenye mahakama ya shirikisho ni siku 14 tangu hukumu kuingizwa. California kwa makosa makubwa ni siku 60. Texas siku 30, kama hakuna ombi la kesi kusikilizwa upya. Soma makubaliano ya kukiri uone kama mshtakiwa alikubali kuiacha haki ya rufaa, na hata kama aliiacha usikate tamaa peke yako, mpe wakili aisome, baadhi ya mambo yanapita.

Siku hiyohiyo ya adhabu mshtakiwa amwambie wakili "nataka rufaa", maneno hayo mawili ukitoa salamu, na mtu wa familia amtumie wakili barua pepe yenye maneno hayohayo, deti, namba ya kesi, na picha ya lile daftari la safu mbili.